Saa Tatu Kasorobo

Kila usiku, saa tatu kasorobo,
kalunguyeye hunitokea mfukoni.
Ni mchoro tu, pua nyeusi, miiba ya kahawia.
Hulia ting, kama kijiko kikigonga glasi,
kisha huandika: Uko vipi leo, Eimantas?

Chini yake nyuso tano,
kuanzia inayocheka hadi ile ya kijivu.
Mimi hubonyeza ya pili.
Ya pili haina maswali.
Ya tatu hutaka kujua kwa nini,
ya nne huleta mazoezi ya pumzi,
ya tano, nasikia, hukupa namba ya kupiga.

Siku themanini na nne bila kukosa: ya pili.
Amenitunuku nishani. Hongera, unajijali.
Usiku huo nililala na buti za kazini,
vumbi la mbao kwenye kope,
na mlango wa ghala unafunguka na kufungwa
ndani ya fuvu langu hadi alfajiri.

Lakini sitamtukana.
Mwezi wa pili, theluji imekuwa tope,
nilikuwa darajani juu ya Nemunas,
kifua kikakaza kama boliti,
nikamtoa kwa vidole visivyohisi kitu.
Akavimba: vuta, mbili, tatu, nne.
Akasinyaa: toa, mbili, tatu, nne, tano, sita.
Nilipumua na mnyama asiye na mapafu
mpaka nikafika ng'ambo.
Deni ni deni.

Basi Jumapili moja, Šilainiai,
ghorofa ya saba kwa mama.
Supu baridi ya bitiruti, waridi mpaka inachekesha,
viazi moto kwenye sahani ya pembeni.
Dada yangu Vakarė, anayesomea unesi,
ndiye jabali letu:
umwulize hali, atajibu "njema"
kabla hujafika kwenye alama ya kuuliza.

Ting.

Nikapapasa mfuko. Mtupu.
Simu yangu ilikuwa kwenye koti, koridoni,
na sasa hivi, kama chura anayemjibu mwenzake,
nayo ikalia:

ting.

Mama akainua glasi yake.
"Haya, nani ana hotuba?"

Hakuna aliyekuwa na hotuba.
Vakarė aliitazama supu yake
kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani.
"Wewe hubonyeza ipi?" nikamwuliza.
"Ya pili."
"Mimi pia."
"Na kweli yako?"

Mkono wangu ulikuwa umeshika mkate.
Nikauweka chini, nikanyoosha vidole vitatu,
nikaona aibu ya kudanganya hata vidole,
nikaongeza cha nne.
Yeye alinyoosha vinne kwa pamoja,
na baadaye kidogo, taratibu,
kama mlango unaosukumwa na paka,
kikatoka cha gumba.

Mama bado ameshika glasi hewani.
"Mnahesabu nini?"
"Kuna kitu kwenye simu, mama. Kinatuuliza hali."
"Na mimi? Mimi siwaulizi?"
"Unauliza," akasema Vakarė.
"Mlangoni. Tukiwa tunavua viatu."

Glasi ilishuka mezani bila sauti.
Aliamka, nikadhani ameudhika,
kumbe alikwenda kuzima redio.
Akavuta kiti, akakaa upande wetu wa meza,
sisi watatu tumeuelekea ukuta
kama abiria wa benchi moja.
Alikaa hivyo muda mrefu.
Halafu: "Enhe. Anza na hicho cha gumba."

Sitayaandika aliyosema dada yangu.
Si yangu.
Naandika tu kwamba viazi vilipoa,
supu ikapata joto la chumba,
mama alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili
na hakusema "itapita", hata mara moja.

Saa sita usiku koti liliangaza koridoni.
Kalunguyeye ameandika, kwa herufi ndogo za huzuni:
Hukujibu leo. Hesabu yako imerudi sifuri.